Feni ya jikoni inanguruma bila kuvuta moshi? Anza na chujio

Harufu ya samaki wa kukaanga ikifika sebuleni na feni ya juu ya jiko inanguruma, usikimbilie kumwita fundi. Mara nyingi chujio la alumini limezibwa na mafuta. Zima umeme, litoe, liloweke kwa dakika 20 kwenye beseni la maji moto yenye vijiko viwili vya sabuni ya vyombo, kisha sugua kwa brashi laini. Stiliwaya hukwaruza, na kostiki soda huila alumini ikabaki nyeusi. Lirudishe likiwa kavu kabisa. Nyumba ya chapati na vibanzi, fanya hivyo kila mwezi.

Kwenye fleti za Nairobi zisizo na tundu ukutani la bomba la kutolea moshi nje, hewa huzungushwa humo humo kupitia chujio la mkaa (wapangaji wengi hata hawajui lipo). Hilo kwa kawaida halioshwi, hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6. Mwenye nyumba akikuruhusu kutoboa, na mdomo wa feni ni milimita 150, bomba liwe 150 pia. Ukilipunguza hadi 100, kelele huzidi na mvuto hupungua.