Gurudumu la 青: kutengeneza kifaa cha kujifunzia herufi za Kichina kwa mikono

Nafundisha Kichina Kariakoo, jioni mbili kwa wiki. Wanafunzi wangu wengi ni wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou na Yiwu, huko China. Kuuliza bei wanaweza, kupunguziwa wanaweza, lakini kibandiko kwenye boksi kinawashinda. Hawa ndio waliofanya nikae chini na kadibodi na wembe.

Mara ya kwanza nilikata vibao vya mraba vya ukubwa mmoja, kimoja 水 (maji), kingine 青 (qīng), nikasema viunganishwe. Dada mmoja muuza vitenge akaniandikia 水青, herufi mbili zilizoachana, mahali pa 清 (safi). Aliandika alichokiona mezani. Ndani ya 清 maji hayabaki 水. Yanakuwa 氵, matone matatu membamba, na yanachukua kama theluthi moja tu ya upana. Vibao vyangu vilikuwa vimemficha jambo hilo.

Nikahamia kwenye gurudumu. Herufi nyingi mno za Kichina zina sehemu mbili: moja inadokeza sauti, nyingine inadokeza maana. Sisi wenye ngeli tunalielewa hili upesi: mtu, kitu, jitu, utu; mzizi umetulia, cha mbele kinabadilika. Tofauti ni kwamba kinachotulia kwenye Kichina ni sauti, na cha pembeni ndicho kinachobeba maana. Kwa hiyo tuliza 青 (qīng), zungusha cha pembeni.

Kwa bikari, chora maduara mawili ya kadibodi ngumu, nusu kipenyo sentimita 10. Duara la mbele liachie ulimi wa sentimita 1 unaochomoza upande wa kushoto. Kutoka katikati piga mstari hadi kwenye ulimi. Juu ya mstari huo kata dirisha linaloanzia sentimita 6.5 kutoka katikati na kuishia 9, kimo sentimita 6, nusu juu ya mstari, nusu chini. Ubavuni mwa dirisha, upande wa kulia, andika 青 yenye upana wa sentimita 5 na kimo kilekile. Theluthi ile imeshapatikana, na mwanafunzi ataizoea bila kuambiwa.

Upana wa bikari usiubadilishe. Itembeze bikari ukingoni mwa duara la nyuma, upande wa mgongoni: itaingia mara 6 kamili, na hizo ndizo nafasi zako sita. Kisha toboa katikati, weka kifungo cha shati mbele na kingine nyuma, shona kwa uzi wa nailoni. Uzi usiukaze sana, duara lizunguke kwa kidole kimoja.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanaandika vidokezo vya maana kabla ya kushona, na vikifika dirishani vimelala ubavu au vimepinduka. Shona kwanza. Lenga alama ya kwanza kwenye ulimi, andika 氵 kupitia dirishani, zungusha hadi alama ya pili, andika 讠, na kuendelea: 忄, 日, 目, 虫. Vyote vitasimama wima.

Sasa geuza kifaa. Ulimi unaonyesha nafasi iliyo dirishani, kwa hiyo andika jibu hapo hapo. 清 qīng, safi, maji maangavu. 请 qǐng, kuomba au tafadhali, kwa kuwa 讠 ni neno. 情 qíng, hisia, maana 忄 ni moyo. 晴 qíng, anga limetakata, 日 ni jua. 睛 ni jīng, iko ndani ya yǎnjing, jicho. 蜻 qīng ni herufi ya kwanza ya qīngtíng, kereng'ende. Hiyo jīng usiiondoe ili gurudumu lipendeze. Mwanafunzi ajue mapema kwamba sehemu ya sauti inadokeza tu, na toni (kupanda na kushuka kwa sauti) nazo zinahama.

Sheria ninayoisimamia darasani ni moja: hakuna kugeuza kabla ya kusema. Azungushe, atamke anavyodhani, aseme inahusu nini. Akisema "kitu cha maji" kwa 清 nampa alama yake. Akishageuza, anaiandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga uliochekechwa, ndani ya mraba uliogawanywa msalaba kama 田. Kwenye 青 nasimama karibu: mlalo, mlalo, wima, mlalo, ndipo ashuke chini. Wengi hukimbilia milalo mitatu mfululizo. Nafuta mchanga, anaanza upya.

Usimpe orodha ya vidokezo vyote. Kamusi ya Kichina ya Kangxi ya mwaka 1716 ina vichwa 214 vya kupangia herufi, na mtu aliyefunga duka saa kumi na mbili jioni hana nafasi hiyo kichwani. Sita zinatosha kwa wiki.

Gurudumu la pili ni la 马 (mǎ): 妈 mama, 吗 ya kuulizia, 蚂 ya sisimizi, na 码, ambayo wauza viatu wanaipenda kuliko zote kwa sababu wanaikuta kwenye 尺码, saizi. 骂 (kutukana) haingii, vinywa vyake viwili viko juu ya 马. Hiyo nimeikatia duara la peke yake, dirisha likiwa juu, na bado nafasi tano ziko wazi.