Kabla ya kufungua mbwa kumfuata nguruwe pori: damu, kisu na mikono yako

Mahindi yakianza kubeba huku kwetu Pangani, kuanzia Mwera mpaka Mkwaja, vijana huanza kuitana jioni. Nguruwe pori wameingia shambani, mbwa wanafunguliwa, mikuki na mapanga yanatafutwa. Kila mtu anawaza meno ya nguruwe, na ana haki, kwa sababu meno yale humchana mbwa kama kitambaa. Lakini watu ninaowajua walioumwa muda mrefu baada ya mawindo hawakuguswa na jino. Waligusa damu.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Sisi hatumli nguruwe, ila alisaidia kumpasua kwa ajili ya majirani wanaomla, akiwa na mkwaruzo wa mwiba kwenye kidole cha shahada. Wiki ya tatu homa ikaanza. Jioni inapanda, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi anaamka kama mzima. Akapewa dawa mseto, akapewa tena, kisha akatibiwa taifodi. Kiuno kikawa hakigeuki. Hakuna aliyemuuliza kama ameshika mnyama, naye hakudhani ni jambo la kusema. Ilipita zaidi ya miezi miwili ndipo kipimo cha damu kikaonyesha brusela, ugonjwa ule ule ambao wafugaji wanaujua kwa kutupisha ng'ombe mimba.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na sisi tunapakana na Hifadhi ya Saadani. Shamba likivamiwa, taarifa ipite serikali ya kijiji ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Ukiwa na ruhusa, kagua mikono yako mchana, kwenye mwanga, kabla hujatoka. Tazama kando ya kucha, katikati ya vidole, viganja vilivyopasuka kwa jembe. Mwenye kidonda asichune siku hiyo. Ashike tochi au aongoze mbwa. Beba glavu za mpira jozi mbili kwa kila mchunaji, kwa sababu jozi ya kwanza itachanika kwenye mfupa. Beba dumu la maji safi la lita 5 na kipande cha sabuni, na usiyanywe maji hayo njiani. Vaa gambuti. Wakati wa masika maji yaliyotuama yana mkojo wa panya na wanyama wengine, na humo ndimo inamotoka homa ya mgunda. Julai 2022 Wizara ya Afya ilipoutangaza ugonjwa huo Ruangwa, mkoani Lindi, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki.

Sasa kisu. Nimewaona wachunaji wazuri kabisa, mikono miwili ikifunga kamba mguuni, wakikibana kisu kwa meno, damu ikiwa bado mbichi kwenye ubapa. Tabia hiyo ife. Vijidudu vya brusela hupita mdomoni, machoni na kwenye mchubuko mdogo usiouona. Njoo na ala au kipande cha turubai cha kulazia kisu, na kubalianeni kabla kwamba hakuna atakayevuta sigara, kula au kujifuta jasho usoni mpaka anawe. Kisu kielekee mbali na mkono mwingine. Sehemu za uzazi, yaani korodani, mji wa mimba na vitoto vilivyomo, ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Zisichezewe; zifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

Mnyama mliyemkuta amekufa ni habari nyingine kabisa. Akiwa amevimba haraka, mwili haujakakamaa, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, huenda ni kimeta. Msimpasue hata kidogo, na msidanganyane kwamba moto wa jikoni utaisafisha nyama. Ukimfungua, vimelea hukutana na hewa na kujigeuza mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka mingi. Zuieni mbwa, mwiteni afisa mifugo wa kata.

Mbwa nao wanastahili maandalizi, maana ndio wanaotangulia kung'ata. Kuwatupia matumbo mabichi kama ujira ni kuwatakia maradhi. Huko Australia, katika majimbo ya New South Wales na Queensland, mbwa wa kuwindia nguruwe wamekutwa na brusela ya nguruwe. Mbwa mwenye korodani zilizovimba, anayechechemea bila jeraha au jike anayetupa mimba aachwe nyumbani mpaka apimwe. Chanjo ya kichaa iwe imeshachomwa. Kupe wang'olewe siku ya kabla kwa kibano, wasipasuliwe kwa kucha. Mbwa akichanwa na nguruwe, vaa glavu kabla ya kumshika.

Kwa sisi Waislamu kuna suala la najisi, na wengi hukimbilia kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Sina neno juu ya twahara. Naomba tu kwamba mwenye jeraha alioshe kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, asisugue udongo kwenye nyama iliyo wazi, kwani pepopunda hukaa humo. Namna ya kutwaharisha ukiwa na jeraha, muulize sheikh wako kabla ya msimu.

Nyama ikishafika kwa wenye kuila, ichemshwe mpaka isibaki wekundu ndani. Kugandisha hakuui brusela, na moshi wa kukaushia hautoshi.

Mwisho andika tarehe ya mawindo, kwenye simu au ukutani. Homa ya mgunda yaweza kuanza baada ya siku 2 hadi 30. Brusela mara nyingi wiki 2 hadi 4, na wakati mwingine miezi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya 60 kwa kila 100 walihesabiwa kuwa na malaria, lakini waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 kwa kila 100. Wengine walikuwa na homa ya mgunda, brusela na homa za kupe. Pwani yetu ina malaria zaidi ya Moshi, kwa hiyo pima malaria kwanza. Kipimo kikisema huna, usiondoke. Mwambie daktari: "Nilichuna nguruwe pori tarehe fulani, damu ilinigusa." Na ikiwa ni brusela, dawa ni zaidi ya moja na humezwa si chini ya wiki 6, hata kama jasho la usiku limekoma wiki ya pili. Mjomba aliziacha mapema, homa ikamrudia, akaanza upya.