Namna ninavyowapangia wanafunzi siku ya kushinda na mfanyakazi

Kwanza tuelewane: hii si fildi. Mwanafunzi wa fildi hupewa kazi, hukaa wiki kadhaa na hupimwa. Huyu wangu anashinda siku moja tu na fundi, muuguzi au mhasibu, akitazama na kuuliza. Usipolieleza hili mapema, mwajiri ataanza kuwaza posho na tathmini, kisha atakuambia "tutakupigia".

Hatua ya 1: Wasikilize wanafunzi. Ukiwauliza wanataka kuwa nani, utapata darasa zima la madaktari na marubani. Mimi huuliza wanachopenda: kutengeneza vitu, kukaa na watu, hesabu, kazi za nje? Majibu hayo ndiyo yanayonionyesha pa kubisha hodi.

Hatua ya 2: Tafuta waajiri. Anza na wazazi na waliowahi kusoma shuleni kwako. Chagua mahali ambapo mwanafunzi ataweza kufika na kurudi bila shida.

Hatua ya 3: Omba kidogo. Barua ya ukurasa mmoja yatosha: tarehe, saa, mwanafunzi mmoja au wawili, na sentensi isemayo wazi kwamba hawatafanya kazi. Kisha nenda mwenyewe. Barua peke yake hulala mezani.

Hatua ya 4: Zungumza na mfanyakazi atakayefuatwa. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwaka wangu wa kwanza meneja alikubali kwa moyo mweupe, lakini mfanyakazi aliyepangiwa mgeni alipata habari asubuhi ileile. Mwanafunzi wangu alishinda kwenye kiti cha mapokezi. Tangu hapo sithibitishi nafasi kabla sijaongea na mwenyeji mwenyewe, hata kwa simu.

Namuuliza siku ipi ana kazi ya kuonekana (mhasibu usimwendee mwisho wa mwezi, hatakuwa na muda wako). Namwomba pia aseme kwa sauti anachowaza: kwa nini amefungua faili hili, kwa nini amekataa mzigo ule. Kumtazama mtu akibonyeza kompyuta kwa muda wa saa sita bila maelezo ni adhabu.

Hatua ya 5: Ruhusa na usalama. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi na namba ya simu ya dharura. Uliza kuhusu viatu na kofia ngumu. Hospitalini na penye taarifa za wateja, hakuna picha, na mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia mwanafunzi awepo. Kubalianeni pia kwamba mwanafunzi hatakaa peke yake na mtu mzima mmoja katika chumba kilichofungwa.

Hatua ya 6: Andaeni maswali. "Jana ulifanya nini tangu ulipofika?" huzaa mengi kuliko "Kazi yako ni nini?" Lingine zuri: "Sehemu gani ya kazi hii huipendi?" Mshahara nao waulize, ila kwa adabu: anayeanza kazi hii hulipwa kama kiasi gani?

Hatua ya 7: Siku yenyewe na kesho yake. Piga simu katikati ya asubuhi. Mambo yakiwa yamekwama, bado kuna muda wa kuyanusuru. Kesho yake kaeni mzungumze kabla hawajasahau. Atakayesema "kazi hii siitaki" usimsahihishe, muulize ameona nini. Kisha kila mmoja amwandikie mwenyeji wake shukrani kwa maneno yake mwenyewe, akitaja jambo moja aliloliona. Barua hizo mimi huzipeleka kwa mkono, na papo hapo namuuliza mwenyeji tubadilishe nini safari ijayo.