Mtoto na Sataranji: Anza na Vitunda Peke Yake

Wazazi wengi wakinunua sataranji hupanga kete zote 32 siku hiyo hiyo, kisha huanza: huyu huenda hivi, yule huenda vile, huyu haruhusiwi. Dakika kumi hazijapita, mtoto ameshamchukua farasi anamkimbiza ukutani. Mimi hufundisha watoto wa jamaa na majirani hapa Langoni, Lamu, kwenye daka la nyumba yetu, baada ya alasiri wakisharudi chuoni (madrasani). Neno langu la kwanza kwa mzazi huwa hili: rudisha kete ndani ya boksi, bakisha vitunda tu, wale askari wadogo wa mstari wa mbele.

Ubao si lazima ununuliwe. Kadibodi ya boksi, rula na kalamu ya wino mzito zatosha kuchora miraba 64, nane kwa nane. Hakikisha mraba mweupe wa kona uko mkono wa kulia wa kila mchezaji. Kete zikikosekana, vizibo vya soda vyenye alama juu vitafanya kazi.

Panga vitunda vinane vyeupe mstari wa pili, ukihesabu kutoka upande wa mweupe, na vinane vyeusi mstari wa saba. Kitunda huenda mbele mraba mmoja. Kikiwa bado hakijaondoka mahali pake pa mwanzo, chaweza kwenda miwili. Hakirudi nyuma. Hakili cha mbele yake, bali hula kwa mshazari, mraba mmoja kulia au kushoto. Atakayefikisha kitunda upande wa pili kwanza ameshinda. Basi. Mtoto wa miaka sita ameuelewa mchezo mzima, ana namna ya kushinda na namna ya kushindwa, na atataka kurudia. Mwache arudie mpaka aone mwenyewe kwamba vitunda viwili vikisimama uso kwa uso vimezibana, na kwamba kitunda kilicho peke yake huliwa bure.

Hapo kuna jambo ambalo mzazi wa kwetu alijue mapema. Watoto wa Lamu hawaji wakiwa hawajui michezo ya ubao. Wamewaona wazee wakicheza pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, na wengi washacheza drafti kwa vizibo. Kwa hiyo huja na mazoea ya drafti mkononi. Atataka kuruka juu ya kete ili kuila. Mwonyeshe kwamba kwenye sataranji unaingia mraba wa adui na kukaa pale pale alipokuwa. Atataka kutembea mshazari, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Na gumu kuliko yote: kwenye drafti ukiweza kula, sharti ule. Huku hakuna sharti. Utamwona mtoto anakula kila kinachoguswa, hata kama malkia wake ataliwa hatua inayofuata. Usimkemee. Muulize tu, "Ukila hapo, mimi nitakula nini?" kisha nyamaza. Swali hilo moja, likiulizwa kwa utulivu kila mara, hufundisha kuliko maelezo ya saa nzima.

Vitunda vikishazoeleka, ongeza kete moja kwa siku. Ngome, ile kete ya mfano wa mnara, ndiyo rahisi: huenda moja kwa moja, mbele, nyuma, kulia au kushoto, mpaka izuiwe. Mpe ngome moja, wewe chukua vitunda vitano, aone kama ataviwahi kabla havijafika. Askofu huenda mshazari, na asiondoke kamwe kwenye rangi aliyoanzia. Malkia ni ngome na askofu kwa pamoja. Mfalme huenda mraba mmoja kila upande. Hizi hazina shida.

Farasi ndiye mwenye shida, na kwake sihurumii muda. Miraba miwili moja kwa moja, kisha mmoja pembeni. Yeye peke yake ndiye huruka kete nyingine. Usimweleze mtoto sana, mpe mabuyu. Chukua mabuyu kama kumi, yale mekundu ya sukari, uyatawanye ubaoni (tandaza karatasi ya nailoni kwanza, la sivyo rangi itaingia kwenye kadibodi). Farasi akitua penye buyu, mtoto analila. Mwanzoni atahesabu kwa kidole, "moja, mbili, pembeni," na midomo inakwenda pamoja na kidole. Baada ya muda kidole kinatulia na macho ndiyo yanayotembea. Hapo mweke farasi konani, umuulize anaweza kutua wapi: miraba miwili tu. Mweke katikati: minane. Mtoto akishayahesabu hayo mwenyewe, hutamwambia tena kwamba farasi asikae ukingoni.

Kabla ya mchezo kamili, fundisha mwisho wake. Watoto wengi hudhani mfalme huliwa. Haliwi, hushambuliwa, na hiyo ni cheki. Akikosa pa kukimbilia, wala hakuna wa kumkinga au kumla adui, ni chekimeti. Mweke mfalme mweusi peke yake mstari wa tano, mpe mtoto ngome mbili nyeupe. Moja inafunga mstari wa nne, ya pili inaingia wa tano: cheki, mfalme anapanda wa sita. Ile ya nne inapanda wa sita: cheki tena. Hivyo hivyo mpaka mstari wa nane, ukuta. Ngome zikae safu mbili tofauti zisizuiane, na mfalme akiisogelea moja, ipelekwe upande wa pili wa mstari wake. Onyesha pia mkwamo: mfalme mweusi kona ya a8, malkia mweupe c7 (herufi ni safu ya wima, a mpaka h kutoka kushoto kwa mweupe, na namba ni mstari). Hashambuliwi, lakini hana pa kwenda, na kama hana kete nyingine ya kucheza, ni sare. Kwa mwenye malkia huo ni uchungu, na ni vizuri auonje mapema.

Sasa panga kete zote. Malkia hukaa kwenye rangi yake. Atajifunza haraka kwa wenzake ule ushindi wa hatua nne, malkia na askofu wakielekea f7. Mwambie mraba huo mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake, na malkia akija h5 huku askofu yuko c4, asogeze kitunda cha g7 mpaka g6 amfukuze.

Usijifanye kushindwa, watoto hujua. Afadhali uondoe malkia wako na ngome moja, ucheze kwa nguvu zako zote. Na sheria ya ukigusa utacheza iwepo tangu mwanzo, kwako pia.

Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana kuhusu uhalali wa mchezo huu, na wazazi wengine huniuliza. Kwangu hakuna dau la aina yoyote, na adhana ya magharibi ikilia mchezo unasimama. Aliye katikati ya mchezo mzuri hupigiwa picha ya ubao kwa simu, akaendelea kesho.

Mtoto akishazijua hatua, mpe mgeni wa mchezo huu ili yeye amfundishe, hata kama mgeni ni mkubwa kuliko yeye. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyeiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010, alionyeshwa hatua za kwanza na msichana mdogo kuliko yeye. Wewe kaa pembeni, usikilize anavyomweleza mwenzake farasi. Akikosea, ngoja kwanza. Mara nyingi atajisahihisha kabla hujafungua mdomo.