Somo: Kupima kaboni monoksidi ya moto wa nyika kwa setilaiti

Kila kiangazi, Juni hadi Oktoba, miombo huungua kuanzia Angola, Zambia na Katanga hadi kusini mwa Tanzania. Zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, lakini vituo vyetu vya kupima hewa ni vichache mno. Kwa hiyo hesabu hii ya gesi ya kaboni monoksidi inatuhusu sana. Shikeni jambo moja: setilaiti haipimi gesi inayotoka motoni. Inapima gesi iliyopo angani wakati inapita. Kujua kina na upana wa mto hakukwambii maji mangapi yanapita mpaka ujue kasi yake. Hapa kasi hiyo ni upepo.

Hatua ya 1. Fungua ramani ya FIRMS ya NASA, inayoonyesha mioto iliyoonwa na setilaiti, utafute moto mkubwa uliojitenga. Moshi wa mioto mingi ukishachanganyika, njia hii haifai.

Hatua ya 2. Pakua data za TROPOMI, kifaa kilichomo kwenye setilaiti ya Sentinel-5P iliyorushwa Oktoba 2017. Zinapatikana bure Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuchunguza dunia kwa setilaiti. Kifaa husoma mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, kwenye mawimbi ya mikromita 2.3, ambayo hupenya moshi vizuri kuliko mwanga tunaouona kwa macho. Pikseli moja, yaani kipande kimoja cha picha, ni kama kilomita 5.5 kwa 7. Bakiza zenye alama ya ubora zaidi ya 0.5.

Hatua ya 3. Gesi hii hukaa angani wiki kadhaa hadi miezi, kwa hiyo hakuna hewa isiyo nayo kabisa. Chukua wastani wa upande wa joshi, kabla upepo haujaufikia moto, uutoe kwenye pikseli za moshi. Kinachobaki ni ongezeko.

Hatua ya 4. Upepo. Tulia hapa, maana makosa mengi huzaliwa hapa. Wengi huchukua upepo wa mita 10 kutoka ardhini kwa sababu ndio ulio rahisi kupata, ilhali mchana wa kiangazi moshi hupanda kilomita moja, mbili na zaidi, na huko juu kasi ni nyingine. Chukua data za ERA5, kumbukumbu za hali ya hewa za Ulaya zenye upepo wa kila tabaka la anga, upate wastani wa tabaka zima lenye moshi. Ukikosea upepo kwa theluthi, na jibu limekosewa kwa theluthi. Fanya hesabu kwa kasi ya chini na ya juu, utoe majibu yote mawili.

Hatua ya 5. Upande wa demani, yaani upepo unakoelekea baada ya moto, chora mstari unaokata moshi kwa upana. Tuseme upana ni kilomita 30, ongezeko la wastani ni moli (kipimo cha wingi wa gesi) 0.02 kwa mita ya mraba, na upepo ni mita 5 kwa sekunde:

0.02 × 30,000 × 5 = moli 3,000 kwa sekunde

Moli moja ya kaboni monoksidi ina gramu 28, kwa hiyo ni kilo 84 kwa sekunde, yaani kama tani 302 kwa saa. Rudia kwa mistari kadhaa.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nikizidisha kwa 24 nitapata ya siku nzima?

Marahaba. Hapana. Setilaiti hii hupita kama saa saba na nusu mchana. Moto wa nyika hukolea alasiri, usiku hufifia. Angalia jinsi nguvu ya moto inavyopanda na kushuka kwenye data za setilaiti za Meteosat, zinazotoka kila baada ya dakika chache, ndipo ukadirie siku.

Kwa nini tusipime kaboni dioksidi moja kwa moja?

Kwa sababu tayari iko nyingi hewani, zaidi ya sehemu 420 kwa milioni, na ongezeko la moto mmoja humezwa humo. Kaboni monoksidi katika hewa safi ni chini sana ya hapo, kwa hiyo moshi hujitokeza.

Jibu langu ni mara mbili ya makadirio ya GFAS, mfumo wa Ulaya wa kukadiria gesi za mioto. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea, ndugu. GFAS huanza na joto la moto, kisha huzidisha kwa viwango vya wastani vya kila aina ya uoto. Magogo yanayofukuta bila mwali hutoa kaboni monoksidi nyingi kuliko nyasi zinazowaka, na joto lake ni dogo. Ila kagua kwanza upepo, halafu uone kama kuna moto mwingine upande wa joshi. Weka hapa tarehe na mahali pa moto wako, niupige hesabu nami tulinganishe.