Kuhama nchi na bundi

Una ndege wa mwituni uliyemwokota akiwa taabani, ukamuuguza, na sasa unahama nchi. Kabla ya tiketi na sanduku, jiulize kama kweli ni lazima aende. Ndege anayeruka vizuri na kujitafutia chakula aachiwe alikopatikana, tena kabla hujaanza kufunga mizigo. Usifikirie kwenda kumwachia huko ugenini: anaweza kupeleka ugonjwa, au kuzaana mahali ambapo jamii yake haikuwahi kuwapo. Asiyeweza kuruka tena, mtafutie kwanza kituo chenye leseni. Bundi wangu bawa la kushoto liliunga likiwa limepinda, na vituo nilivyoviuliza vilikuwa vimejaa. Hapo ndipo nikaingia kwenye makaratasi.

Anzia nchi unayokwenda, si unayotoka. Kibali cha kutoka hakina kazi kama upande wa pili wamefunga mlango. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umewaweka kunguru wa India na maina (ndege wa Asia wa jamii ya kwezi) kwenye orodha ya viumbe vamizi wasioruhusiwa kuingia, kwa hiyo ulemavu wa bawa hautakutetea. Marekani ina sheria ya mwaka 1918 ya ndege wahamao, inayokataza kumiliki bila kibali karibu ndege wote wa asili ya huko, hata unyoya wake tu. Uingereza, sheria ya 1981 inamruhusu raia kumtunza ndege wa porini aliyejeruhiwa kwa nia ya kumwachia atakapopona. Hiyo si ruhusa ya kumfuga.

Waandikie ofisi ya wanyamapori na ofisi ya mifugo, zote mbili. Mara nyingi ni idara tofauti, na kila moja itakujibu kana kwamba nyingine haipo. Taja jina la kisayansi. Wangu ni Tyto alba. Ukiandika "bundi" tu, utarudishiwa fomu.

Kisha kuna CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, uliotiwa saini 1973 na kuanza kufanya kazi 1975. Bundi wote wamo, na karibu tai, mwewe na kasuku wote. Walio katika Kiambatisho cha II, orodha ya wasio hatarini sana, huhitaji kibali cha nchi wanayotoka. Walio katika Kiambatisho cha I, orodha ya walio hatarini zaidi, kama kasuku wa kijivu wa Afrika tangu uamuzi wa 2016, huhitaji pia kibali cha nchi wanayoingia, na hicho hutangulia. Kibali cha kutoka hakiishi zaidi ya miezi 6, kwa hiyo usikiombe mapema mno. Nchi unayobadilishia ndege nayo inaweza kuwa na masharti yake. Ukipata safari ya moja kwa moja, ichukue hata kama ni ghali.

Karatasi ngumu kuliko zote ni ya kuthibitisha ulivyompata. Ndege aliyezaliwa bandani huvishwa pete isiyofunguka akiwa kinda. Wako hana, na ofisa ana kila sababu ya kudhani ulimtega. Mwombe daktari amwekee chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na namba yake iandikwe kwenye kila hati. Weka pamoja rekodi ya siku alipofikishwa kwa daktari, kibali chako cha kumtunza, na picha ya eksirei. Eksirei ilinisaidia kuliko barua zote: mfupa ulioungana mshazari hauhitaji mkalimani.

Kwa upande wa afya wanachohofia hasa ni mafua ya ndege na kideri. Tarajia vipimo, cheti cha daktari wa serikali, na karantini, mara nyingi siku 30. Mlipuko wa mafua unaweza kufunga mpaka wiki hiyo hiyo unayosafiri, basi nunua tiketi inayobadilika tarehe.

Sanduku nililishughulikia kuliko jambo lolote. Liwe na giza, matundu yawe madogo na ya chini, si waya mbele: ndege mwenye hofu huparamia mwanga na kuvunja manyoya ya mkia. Darini bandika sponji iliyofunikwa kitambaa, maana akishtuka huruka juu. Sakafuni weka kipande cha zulia kilichogundishwa, apate pa kushika kucha. Liache wazi chumbani kwa wiki kadhaa, umlishie humo, hadi aingie mwenyewe. Dawa ya usingizi kataa. Angani inaweza kumuua.

Bundi hutapika tonge la manyoya na mifupa ya alichokula, na hafai kusafiri nalo tumboni. Mlishe mapema, kisha subiri ulione tonge sakafuni ndipo umfungie. Mpe daktari muda huo huo amkague.

Uwanjani, hakikisha kibali cha CITES kinagongwa muhuri na ofisa kabla sanduku halijaondoka machoni pako. Bila muhuri huo, upande wa pili wanaweza kumzuia. Panya wa kugandishwa usiwabebe, nyama huwa na sheria zake forodhani. Uliza karantini wanalisha nini, na kama ni vifaranga, anza kumzoesha vifaranga ukiwa bado nyumbani.