Kuhamisha MySQL 5.7 hadi 8.4: nywila ni sahihi, seva inagoma

Chukulia duka la pembejeo lenye seva moja ya MySQL (programu ya hifadhidata) jijini Mbeya, na matawi Makambako na Tunduma yanayoingia kwa intaneti. Baada ya kupandisha toleo, keshia anaandika nywila ileile na seva inamkatalia.

Seva haitunzi nywila, hutunza hashi yake, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila. Toleo 5.7 lilitumia njia ya uhakiki iitwayo `mysql_native_password`. Toleo 8.0 la mwaka 2018 likaweka `caching_sha2_password` kwa akaunti mpya, 8.4 la 2024 likaizima njia ya zamani, na 9.0 likaiondoa kabisa. Hashi ya zamani haigeuzwi kuwa mpya, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Lazima uwe na nywila yenyewe, au uweke nyingine.

Hatua ya 1. Chukua nakala ya data kwa amri ya `mysqldump`, kisha panda hadi 8.0 kwanza, 5.7 hairuki moja kwa moja hadi 8.4. Akaunti za zamani zitaendelea kuingia. Usidanganyike, kazi bado.

Hatua ya 2. Orodhesha akaunti:

`SELECT user, host, plugin FROM mysql.user;`

Kumbuka `'mauzo'@'localhost'` (kutoka seva yenyewe) na `'mauzo'@'%'` (kutoka kompyuta yoyote) ni akaunti mbili, kila moja na nywila yake.

Hatua ya 3. Sasisha kompyuta za matawi kabla ya kugusa nywila. PHP, kama programu ya duka inaitumia, iwe 7.4 au zaidi. Ukiona `Authentication plugin 'caching_sha2_password' cannot be loaded`, dereva (programu inayounganisha kompyuta na MySQL) ndiyo ya zamani. Kubadili nywila mara kumi hakutasaidia.

Hatua ya 4. Duka likifungwa, badilisha akaunti mojamoja:

`ALTER USER 'mauzo'@'%' IDENTIFIED WITH caching_sha2_password BY 'nywila';`

Hapa ndipo wengi hunasa. Mtu akishaingia kwa TLS (muunganisho uliosimbwa), seva huiweka akaunti hiyo kwenye kumbukumbu ya muda, na kompyuta isiyo na TLS nayo huingia bila shida. Wiki mbili shwari. Umeme unakatika usiku, seva inawaka upya, kumbukumbu imefutika. Asubuhi Tunduma wanapata `Authentication requires secure connection`. Mbeya wakiingia kwa TLS, Tunduma nako kunafunguka, na kila mtu anaulaumu mtandao.

Kwa hiyo usijaribu mara tu baada ya kubadilisha na kuridhika. Endesha `FLUSH PRIVILEGES;` ili kumbukumbu ifutike, kisha Tunduma waingie wa kwanza. Wakikwama, washa TLS upande wao. Kwenye JDBC (dereva ya programu za Java), `allowPublicKeyRetrieval=true` nayo hufungua njia kwa kuiomba seva ufunguo wa kusimba nywila, lakini ibaki ndani ya mtandao wa ofisi; kwenye intaneti mtu wa katikati anaweza kukupa ufunguo wake.

Hatua ya 5. Panda hadi 8.4. Ikibaki mashine moja isiyosasishika, ambayo akaunti yake bado iko kwenye njia ya zamani, utaona `ERROR 1524`. Kwenye faili la mipangilio ya seva, chini ya `[mysqld]`, ongeza `mysql_native_password=ON`, washa seva upya, na anza kutafuta mashine nyingine: kwenye 9.0 mstari huo haupo.